Mlango Uliofungukia Barabarani

Mimi ni mchoraji wa mabango, na kazi hiyo imenifundisha kutowaamini upesi watu wenye maneno makubwa. Mteja anayetaka herufi kubwa kuliko duka lake, mara nyingi duka lenyewe halimalizi mwaka. Ndiyo maana Spès Kabagwira alinipendeza tangu siku ya kwanza, ingawa siku hiyo alininyima kazi.

Ilikuwa mwaka 1990, kabla vita havijaanza kule mpakani. Nilikuwa nimetoka kwetu Biryogo, mjini Kigali, na makopo yangu ya rangi, nikaenda hadi Niboye, upande wa pili wa mji, kutafuta wateja. Spès alikuwa ameketi mbele ya nyumba isiyomalizika, anawauzia mafundi ujenzi uji wa mtama. Nikamwambia nitamwandikia kibao kizuri chenye kikombe kinachotoa mvuke. Akaniangalia, akanichotea uji, kisha akaniambia kwa Kinyarwanda kwamba watu hawanywi kibao. Uji ulikuwa mtamu, nikakubali kushindwa.

Nyumba ile ilikuwa ya mume wake, Kabera, mwashi. Kabera alikuwa mtu wa ndoto. Jumapili baada ya misa alichukua kijiti akachora mchangani nyumba ya ghorofa, na ngazi zake, na roshani ya kukalia jioni. Spès alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza ngazi zitaanzia wapi, halafu Jumatatu akaenda kununua bati moja. Haba na haba hujaza kibaba, vyumba viwili vikaezekwa na watoto wao wawili wa kiume wakalala pakavu. Ghorofa ilibaki mchangani. Sikuwahi kuwasikia wakigombana kwa hilo, maana yeye aliipenda ile ndoto na Kabera aliyapenda yale mabati.

Aprili ya 1994 nitaipita haraka, kwa sababu siwezi kuisimulia polepole. Watutsi walipoanza kuuawa, Kabera na watoto wake wawili waliuawa hapo hapo Niboye. Spès hakuwapo. Alikuwa amekuja Nyamirambo, jirani na kwetu, kumwuguza mke wa kaka yake, na huko nako kaka na mkewe waliuawa. Alitokea kwenye mlango wetu wa nyuma akiwa amembeba mgongoni binti wa kaka yake, Umuhoza, ingawa alikuwa na miaka saba. Mke wangu, Nyirahabimana, alifungua mlango kabla mimi sijaamua lolote. Namshukuru Mungu kwamba katika nyumba yetu mwenye kufungua ni yeye.

Wakakaa kwetu mpaka Julai. Kiswahili chake Spès alijifunzia chini ya kitanda changu, kwa kunong'onezwa, mke wangu akiwa ameketi juu ya kitanda anachambua mchele na kumtajia majina ya vitu. Mtoto hakulia hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha kuliko mengine. Alishika ncha ya kitenge cha shangazi yake, akaifumbata, na tangu hapo hakuiachia.

Vita vilipokwisha mjini, walitoka nje, wakaketi kibarazani kwetu wakaota jua. Nilidhani sasa yule mtoto atafungua mkono. Hakufungua. Nyumba ya Niboye ilikuwa imeng'olewa mabati yote, kwa hiyo Spès alikwenda kukaa Masaka, ile ya pembeni mwa Kigali, siyo ya Uganda, kwenye kishamba cha marehemu baba yake, akalima maharage. Akiinama kulima, mtoto ameshika kitenge. Akienda kisimani, mtoto ameshika kitenge. Nilipokwenda kuwatembelea nilimkuta Spès anasonga ugali kwa mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine ulikuwa unashikilia kitenge kisivuliwe.

"Kaka Twahiru," aliniambia siku hiyo, "mimi siombi kitu mingi. Huyu mtoto aende kwa wenzake, halafu arudi. Basi. Akishika mimi hivi mpaka amekuwa mukubwa, nitakuwa nimemuponyesha nini?"

Nilirudi nyumbani nikiwa mzito, nikamwambia mke wangu, naye akasema tuombe.

Sasa ndipo anapoingia Connie.

Connie alizaliwa Uganda, wazazi wake wakiwa wakimbizi, akasomea ualimu huko na kufundisha Kampala miaka mingi. Agosti alirudi na kaka yake Mugenzi, mtu wa hesabu aliyepata kazi serikalini, na binamu yao Shyaka, dereva kutoka Mbarara. Walikuja na gari dogo la abiria walilolinunua Kampala. Shangazi yao, ambaye hakuwahi kukimbia nchi, aliuawa Aprili, na nyumba yake kubwa ya Niboye ikawa imebaki tupu. Connie aliiingia akilia, akaifagia mwenyewe, akasema hapa patakuwa shule.

Alikuwa mwanamke wa haraka, mrefu, mwenye sauti. Kiswahili chake kilikuwa kile ambacho watu wa Kampala hujifunza kwa askari, kila sentensi inatoka kama amri. Aliposema "karibu chai" nilitaka kupiga saluti. Lakini moyo wake ulikuwa mzuri, na niliona kwamba alikuwa akijenga ile shule ili asikae bure akafikiria.

Aliniita mwezi Oktoba, mvua zikiwa zimeanza. Alinionyesha lango, na kuta mbili za kila upande wa lango, zimepakwa chokaa nyeupe, zinametameta. Akasema ukuta wa kulia niandike dira ya shule, na wa kushoto niandike dhamira. Nikamwuliza hizo ni vitu viwili au kimoja. Akapumua kama mwalimu anavyopumua, akanieleza kwamba alijifunza jambo hili kwenye semina Kampala. Dira, alisema, ni kile unachokiona mbali ukiinua macho. Dhamira ni kile unachoamka kukifanya kila siku ili ufike huko. Nikamwambia nimeelewa. Fundi anayetaka kazi huelewa haraka.

Dira alikuwa nayo tayari, ameiandaa toka Kampala: kuwa shule itakayoongoza Rwanda nzima kwa elimu na maadili. Niliiandika kwa buluu, na juu yake nikachora jua linalochomoza nyuma ya vilima. Jua lile halikuwa kwenye makubaliano, lakini mkono ukishapata rangi hauzuiliki. Likapendeza. Watu waliopita walisimama, na mama mmoja alisema sasa anaamini kweli vita vimekwisha.

Ukuta wa kushoto niliandika neno moja tu, DHAMIRA, nikangoja.

Wakati nangoja, shule ilifunguliwa. Watoto wa Niboye walikuja kwa miguu, wale wa Masaka walifuatwa na gari la Shyaka. Spès alisikia, akampeleka Umuhoza. Ikawa kama alivyoogopa: mtoto alikubali kupanda gari ikiwa tu shangazi amepanda, na alikubali kukaa darasani ikiwa tu shangazi ameketi nje ya dirisha, na ncha ya kitenge imepitishwa dirishani. Nakwambia niliona kwa macho yangu, kitenge kimenyooshwa juu ya kizingiti cha dirisha kama kamba ya kuanikia nguo. Mwalimu wao, Kayitesi, msichana mpole, alifundisha bila kukitazama. Connie naye hakumfukuza Spès. Akasema maadam yupo, basi awe msindikizaji wa watoto garini, na saa za kati apike uji. Hivyo ndivyo alivyopata kazi.

Na kazi ile ya kusindikiza, ambayo ilionekana ya kumstahi tu, ikawa kubwa kwa sababu ya mlango.

Uganda magari hupita kushoto. Kwetu hupita kulia. Wote waliotoka huko mwaka ule walikuwa wanalijua hilo kichwani, lakini mikono na miguu haikujua. Shyaka alikuwa dereva mzuri, ila asubuhi akiwa na usingizi ungemwona anateleza polepole kwenda upande wa Kampala, mpaka watu wampigie kelele. Hilo alilizoea baada ya wiki chache. Ambalo halikuzoeleka ni gari lenyewe. Mlango wa abiria wa gari la Uganda uko kushoto, ili watu washukie kando ya njia. Lilete Kigali, liweke kulia mwa barabara kama sheria inavyotaka, na mlango ule ule unafungukia katikati ya lami, mbele ya malori.

Njia ya kupanda shuleni ilikuwa imechimbwa na mvua, gari halipandi. Kwa hiyo watoto walishushwa chini, barabara kuu, na enzi zile barabara ilikuwa na malori ya magunia ya msaada yanayokimbia kama yanafukuzwa. Shyaka alijaribu kuegesha upande wa pili, uso wa gari ukitazama yanakotoka magari mengine, ili mlango uangukie kando. Askari wa kizuizi akamwita, akamwambia kwa upole wa kutisha kwamba Mbarara ilibaki Mbarara. Akajaribu kuwapitisha watoto juu ya kiti chake, watokee mlango wa dereva. Wakamkanyagia gia, mmoja akamwagia uji kwenye kiti. Akaapa harudii.

Spès hakujaribu mambo mengi. Gari liliposimama, alishuka wa kwanza. Alikwenda hatua chache katikati ya lami, akavua kitenge begani, akakitandaza kwa mikono miwili, na kusimama akiyatazama malori. Basi. Yakasimama. Sijui ni kwa nini yalisimama. Labda dereva wa lori akiona mwanamke mzima ametandaza kitenge barabarani, anadhani kuna maiti au kuna harusi, na vyote viwili huwa havikanyagwi. Watoto wakashuka nyuma yake, wakazunguka gari, wakapanda mlima. Umuhoza, ambaye hizo ndizo zilikuwa dakika zake pekee za kuiachia ncha, alimtazama toka mlangoni, akashuka wa mwisho, akaenda kuishika tena, na wote wawili wakaondoka njiani. Kila asubuhi ikawa hivyo.

Juu kule, wenye shule waliendelea kutafuta dhamira. Novemba yote nilikuwa nikipita kuuliza, naambiwa bado. Walikutana kwenye sebule ya nyumba ile, Connie, Mugenzi na Kayitesi, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi, fundi aliyeketi nje na brashi kavu alisikia yote. Connie alipendekeza waandike kwamba wanaandaa viongozi wa kesho. Mugenzi akasema hiyo ni dira, dada yangu, viongozi wa kesho tutawaona kesho. Connie akasema basi, kujenga taifa lenye umoja. Mugenzi akasema hiyo nayo ni dira. Kayitesi alipouliza kwa woga kama haiwezekani kuandika kwamba wanafundisha kusoma na kuhesabu, wote wawili wakasema hiyo ni ndogo mno kwa ukuta ule. Penye wengi hapaharibiki neno, husemwa, lakini pale lilikuwa halipatikani hata la kuharibu.

Kisha ikaja habari kwamba wageni wa shirika moja la msaada wataitembelea shule Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Connie akashikwa na homa ya ukuta. Aliamuru kikao cha mwisho kabisa, Ijumaa asubuhi mapema, nami niwe kwenye ngazi na rangi tayari, neno likitoka nalipokea. Na akataka mzazi mmoja awepo, kwa sababu semina ya Kampala ilisema wazazi washirikishwe. Mzazi aliyekuwa karibu ni Spès. Akaambiwa aje alfajiri kwa miguu na mwalimu Kayitesi, ambaye naye alikaa upande wa Masaka, gari litakuja baadaye na watoto.

Spès alijaribu kukataa. Alisema mtoto hajawahi kupanda gari bila yeye. Connie, ambaye kichwa chake kilikuwa kimejaa wageni, alisema siku moja tu, na hata yeye Spès alikuwa akitaka mtoto azoee. Neno hilo lilimshinda, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Yaliyotokea asubuhi hiyo Masaka alinisimulia Spès mwenyewe. Mtoto aliamka, akaona shangazi amevaa, akafumbata ncha ya kitenge kama kawaida. Spès alichuchumaa akamweleza. Mtoto hakusema kitu, akazidi kufumbata. Basi Spès akafanya jambo moja tu aliloliweza: alikivua kitenge chote, akakiacha mkononi mwa mtoto, akaenda bila kitenge. Akamwambia, "Kaa nayo yote. Mimi niko mbele, chini ya shule, pale pale tunashukaka." Akamwacha kwa jirani anayewapandisha watoto garini. Alinambia alitembea njia nzima mabega yakimwasha, kama mtu aliyevuliwa ngozi, na hakugeuka, kwa sababu angegeuka angerudi.

Mimi nilimwona anafika na blauzi tupu, uso umekauka. Nilimsalimia, akaitika vibaya. Akaingia ndani, nikapanda ngazi yangu.

Kikao kilianza kwa maombi marefu. Kisha Mugenzi akaanza kufafanua tena tofauti ya dira na dhamira, safari hii kwa mfano wa kampuni za Ulaya. Nikamsikia Connie akimgeukia Spès na kumwuliza, kama mzazi, angependa dhamira iwe nini. Halafu Spès akasema samahani, gari itafika saa hii, yeye anatakiwa chini. Mugenzi akamwambia akae kidogo, wamekaribia kumaliza. Nilicheka peke yangu pale juu. Walikuwa wamekaribia kumaliza tangu Oktoba.

Kicheko kikanikauka mdomoni, maana toka kwenye ngazi niliona gari la Shyaka likija.

Nitasema kama nilivyoona. Gari lilikuja likasimama mahali pake. Shyaka alikuwa amechelewa, na mtu mwenye haraka hufuata mwili wake, na mwili wake ulikuwa bado wa Mbarara. Aliruka chini, akazunguka, akauvuta mlango wa kushoto mpaka mwisho, akasema "haya, haya, shukeni", na akageuka kwenda nyuma kutazama gurudumu. Hakutazama barabara hata mara moja. Na nyuma ya gari, kwenye mteremko, lilikuwa linakuja lori la magunia, dereva wake amekwisha kuhamia katikati ili alipite gari.

Nilipiga kelele. Mvua ya usiku ilikuwa imejaza maji kila mtaro, maji yakawa yanakoroma, sauti yangu haikufika kule chini. Ndani, kiti kikaanguka, na Spès akanipita chini ya ngazi anakimbia miguu mitupu. Nikajua hawezi kuwahi. Nilifikiri, ya Rabi, yote yale, chini ya kitanda, miezi yote ile, ndiyo yaje kuishia hapa kwenye lami, mchana kweupe, bila hata adui.

Mlangoni mwa gari hakushuka mtu.

Mlangoni alikuwa amesimama Umuhoza. Kitenge cha shangazi yake alikuwa amekitandaza mlango mzima, kwa mikono miwili, mgongo wake ukiwa barabarani na uso ukiwatazama wenzake. Watoto walikuwa wanasukumana nyuma ya kitambaa, wakubwa wengine kuliko yeye, wanataka kushuka. Yeye hakusogea. Lori likapita karibu sana, upepo wake ukakipandisha kitenge mpaka kikamfunika kichwa, na bado mikono haikushuka. Kisha lori likawa limekwenda.

Spès alifika. Alisimama katikati ya lami mahali pake pa kila siku, na kwa kuwa hakuwa na kitenge, alinyoosha mikono mitupu. Gari jingine dogo lililokuwa linakuja likasimama. Nilimwona kifua kinavyopanda na kushuka. Mtoto akachungulia kwa pembeni, akamwona, akawageukia wenzake.

"Sasa," akasema kwa Kinyarwanda, kama Spès alivyonisimulia baadaye. "Masenge amesimama."

Masenge ndiyo shangazi kwetu, yule dada wa baba. Watoto wakashuka mmoja mmoja, wakazunguka nyuma ya gari. Shyaka alikuwa amekaa chini, ameshika kichwa, mmoja wa watoto akamsalimia vizuri kama walivyofundishwa.

Umuhoza alishuka wa mwisho. Alikikunja kitenge, vibaya vibaya kama mtoto anavyokunja, akamrudishia mwenyewe, akamwambia kwamba hao wengine walitaka kushuka kabla ya wakati wake na yeye aliwakatalia. Alisema kwa ukali kidogo, kama anayeshtaki. Halafu akapanda mlima na wenzake. Nilikuwa bado juu ya ngazi alipopita langoni, na nilitazama mikono yake yote miwili. Haikuwa imeshika kitu.

Nilishuka, nikaenda barabarani. Spès alikuwa ameketi kando ya mtaro, kitenge mapajani, analia na kucheka kwa pamoja. Connie alikuwa amefika kabla yangu. Mwanamke yule wa sauti alikuwa amepiga magoti matopeni na sketi yake ya vikao, anamfuta Spès tope miguuni kwa viganja. Nilimhurumia. Wote tulikaa pale, tukashusha pumzi, malori yakaendelea kupita.

Mwishoni Connie alimwuliza Spès alimfundisha nini mtoto.

"Sikumufundisha, Madamu," Spès alisema. "Aliona tu. Mimi nashukaka wa kwanza, nasimama, watoto wanafika. Saa ya kurudi vile vile. Kazi yangu ni hiyo."

Connie akajipangusa uso kwa kiganja, akaacha tope shavuni, akanigeukia. Nadhani ndiyo mara pekee alipozungumza nami Kiswahili kisicho cha askari.

"Mzee Twahiru, andika kwamba kila mtoto afike, na kila mtoto arudi kwao."

Mugenzi, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na makaratasi yake, alifungua mdomo. Nilidhani atasema hiyo nayo ni dira, au ni ndogo mno kwa ukuta. Akatazama barabara, akaufunga. Na kwa kweli, mwaka ule, mjini Kigali, nani angesema kwamba kila mtoto arudi kwao ni jambo dogo?

Niliandika mchana huo huo, kwa buluu ile ile, herufi za kawaida. Sikuchora kitu pembeni. Shyaka alichukua gari akalipeleka kwa mchomeleaji, na kabla ya Noeli lilikuwa na mlango mpya upande wa kulia, mbaya wa kutazama, mzuri wa kushukia. Ule wa zamani ukafungwa kwa bati. Spès hakuacha kushuka wa kwanza, hata hivyo, na hakuna aliyemwambia aache.

Wageni wa Jumamosi walipiga picha jua langu. Nilifurahi, sitaficha.

Lakini ninalotaka kumalizia ni la Ijumaa ile jioni, watoto walipokuwa wanateremka kwenda garini. Nilikuwa naosha brashi zangu langoni. Spès alipita, amejifunga kitenge begani kama siku zote, na nikaona mkono wake unarudi nyuma kidogo, kwa mazoea, kumwachia mtoto ncha ya kushika. Ncha ikaning'inia. Umuhoza alikuwa mbele, mikono yake haina nafasi, mmoja umeshikwa na kitoto cha darasa la kwanza kinachoogopa mteremko, na mwingine umebeba viatu vyake ili visichafuke.

Spès alisimama karibu yangu. Alikipima kile kitenge kwa mkono, kama anayepima uzito wa maharage.

"Kaka Twahiru," akasema, "hii kitenge leo iko nyepesi."

Akateremka nyuma yao akicheka, akawapita, akawahi kushuka barabarani wa kwanza.